Kochi akishinda kwa mchezo wa kusinziza, tumsifu ama tumlaumu? (Tony Bennett na Virginia)

Mkesha_wa_Malindi ameuliza:

Salaam wadau. Naomba mnitolee hukumu manake mimi na shemeji yangu tumebishana hadi dada yangu akatufukuza barazani na sinia lake la viazi karai.

Shemeji ni mtu wa Virginia, timu ya basketi ya chuo kule Marekani. Msiniulize mtu wa Malindi alipatia wapi Virginia, yeye asema ilianza na Mamadi Diakite, yule kijana wa Guinea, mwaka 2019, na tangu hapo hasikii haambiwi. Kwake yeye Tony Bennett ndo kochi bora wa basketi ya vyuo vya Marekani wa miaka yetu hii. Rekodi yake Virginia ni ushindi 364 kwa 136, ligi yao ya ACC amechukua mara kadhaa, na kikombe cha NCAA, yaani cha vyuo vya nchi nzima, 2019 kwa chuo ambacho kabla ya hapo hakikuwa nacho hata kimoja. Hayo yote sibishi.

Mimi nabisha staili. Hawa watu wana sekunde 30 za kurusha, wao watazitumia zote hadi chembe ya mwisho, mtu azunguka skrini (mwenzake aliyesimama kumzibia beki njia), azunguka tena, pasi nje, pasi nje, mimi nachungulia simu nikiinua macho bado mpira hauendi juu. Na ujue huku kwetu gemu ya saa moja jioni kwao ni saa nane ama saa tisa usiku, sasa nikeshe, nimalize bando, kisha nione 52 kwa 46?

Alafu ije Machi sasa, mwezi wa mashindano ya NCAA, timu zapangwa kwa namba, 1 ndo bora na 16 ndo mnyonge. 2018 wakawa timu ya kwanza ya namba 1 upande wa wanaume kupigwa na namba 16, UMBC 74–54, tena si kwa bahati, pointi ishirini. Na baada ya kile kikombe cha 2019 hawakushinda tena gemu hata moja ya NCAA hadi mzee akastaafu Oktoba 2024. Ohio wakawatoa 2021, Furman 2023 kwa pointi moja, Colorado State 2024 wakawapiga 67–42. Arubaini na mbili kwa dakika 40 wallahi.

Sasa swali. Kochi ahukumiwe kwa kushinda peke yake, ama staili ya ofensi nayo ina hesabu yake? Na je staili ndo ilimuua kila Machi? Nataka jibu la mtu anayejua mpira, si la mtu anayependa rangi ya jezi.

---

KahawaTungu:

Ushindi ni ushindi. Morans, timu yetu ya taifa, walipomla Angola 74–73 mwaka 2021, Angola huyo aliyekuwa na vikombe 11 vya Afrika wakati ule, kuna mtu Kenya aliuliza staili? Funga mjadala, rudini barazani.

---

Mkesha_wa_Malindi:

Hio ilikuwa gemu moja bwana. Mimi nauliza kuhusu miaka 15.

---

Hesabu_za_Barani:

Ndugu, kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo kila mtu huvichanganya, kasi na ubora. Timu ikicheza polepole pointi zake lazima ziwe chache, sasa ukiangalia pointi kwa gemu utasema ofensi mbovu, kumbe hujahesabu walishika mpira mara ngapi. Poseshoni moja ni tangu mmeupata mpira hadi uende kwa wenzenu, iwe mmefunga, mmepoteza, ama mmekosa na wao wakadaka ule mpira uliorudi, yaani ribaundi. Mfano wa kubuni tu: timu ya kwanza ina poseshoni 60 imefunga 66, ya pili ina poseshoni 75 imefunga 75. Gazeti litaandika hao wa pili ndo wafungaji hatari. Lakini wa kwanza wapata pointi 1.1 kila wakishika mpira, wa pili wapata 1 tu, na kwa vile mpira huenda zamu kwa zamu, wakikutana wote watashika mara karibu sawa. Kama difensi zao zatoshana mimi pesa yangu naiweka kwa hao wa polepole.

Sasa tukija kwa Virginia ya 2019. KenPom, saiti ya Ken Pomeroy inayopiga hesabu hizi, iliwaweka wa mwisho kabisa kwa kasi Division I nzima, daraja la juu la vyuo, timu zaidi ya 350, na hapo hapo ofensi yao kwa kila poseshoni ikawa ya pili nchi nzima nyuma ya Gonzaga. Ya pili! Kwa hivyo ukisema ofensi mbovu, 2019 itoe kwenye kesi. Ya 2024 nakupa yote, ile ilikuwa mbovu kwa kipimo chochote utakachochukua, shuti haziingii na hakuna mtu wa kuogopesha beki.

Lakini kuna gharama, na hapa ndo watu wa Virginia huwa hawataki kusikia. Mchukue bingwa wa bao umkalishe na mtu wa kawaida. Wakicheza mara moja yule wa kawaida aweza kubahatisha, wakicheza mara kumi bingwa atamla tu. Kila poseshoni ni mchezo mmoja, ni nafasi ya mwenye nguvu kuonyesha nguvu. Sasa wewe ndo bora halafu unapunguza poseshoni kutoka 75 hadi 60, umemsaidia nani? Umemsaidia mnyonge. Na ikumbukwe haya ni mashindano ya timu 68 ambapo ukipoteza mara moja umerudi nyumbani.

Pete Carril wa Princeton alilijua hili zamani sana. Chuo chake hakitoi hata ufadhili wa michezo, vijana wake si warefu wala si wepesi, basi afanye nini, anapunguza gemu. 1989 wakiwa namba 16 nusura wamtoe Georgetown, ikaisha 50–49. 1996 wakawatoa UCLA waliokuwa mabingwa watetezi, 43–41, na lile kapu la mwisho ni mtu kukata nyuma ya beki aliyesogea mbele kunyang'anya pasi, layapu ya bure. Ile ni staili ya mnyonge na imetengenezwa kwa ajili ya mnyonge. Bennett alipofika Virginia 2009 alikuwa mnyonge ndani ya ACC, mbele yake Duke na North Carolina, ikamfaa kabisa. Shida ni alipokuwa yeye ndo mkubwa, ameandikwa namba 1, akaendelea kucheza gemu fupi. Mimi kesi yangu na yeye ni hapo tu, mambo ya kusinziza ni shauri ya macho ya mtu.

---

MtuWaVirginia:

Shemeji. Kwa hivyo umenileta mtandaoni.

Haya sikiza, na huyo mwalimu wa hesabu naye asikize, kasema mazuri ila UMBC kaipitia mbali. Ile gemu mapumziko ilikuwa 21–21. Kipindi cha pili UMBC wakafunga 53. Sasa niambie, timu iliyofungwa 53 kwa dakika 20, msimu mzima wafungwa kama hizo kwa gemu nzima, hapo tatizo ni ofensi ya polepole? Difensi ndo ilipasuka. Difensi ya Bennett, pack line, aliyoibuni babake Dick Bennett, ni kwamba mmoja amkaba mwenye mpira na wanne waliobaki wamejikusanya ndani, hakuna kupita katikati, ukitaka rusha kutoka mbali. Siku ile wale wadogo wa UMBC wakapita wapendavyo na za mbali pia zikaingia, Jairus Lyles peke yake pointi 28. Na De'Andre Hunter alikuwa hayupo, mkono umevunjika siku chache kabla ya mashindano. Hunter huyu huyu aliyefunga 27 kwenye fainali ya mwaka uliofuata. Lakini watu mwataka stori tamu, "polepole imewaua", bas.

Alafu staili staili, mwaongea kama yule mzee alikuwa na moja tu. Ile ya zamani ni wawili kazi yao kuweka skrini na watatu kazi yao kukimbia kuzizunguka, hio ndo inakukera wewe. Baada ya 2018 akaongeza skrini za juu kwa mwenye mpira, akampa Ty Jerome uhuru wa kuamua, ndo hio ofensi ya pili nchi nzima. Kochi aliyepigwa kipigo cha kihistoria akarudi mwaka uliofuata na kikombe, nitajie mwengine.

Na kitu kimoja cha kuchekesha, kochi wa UMBC siku ile ni Ryan Odom. Virginia 2025 wamemwajiri nani? Ryan Odom.

---

Mkesha_wa_Malindi:

Shemeji shkamoo hata huku 😂

Sasa hio 2019 yako tuitazame vizuri. Purdue, Carsen Edwards awatia 42, mko chini, mtupo huru wa Jerome wakosa, Diakite aupiga mpira nyuma kule mbali, Kihei Clark aukimbilia, pasi ndefu, Diakite arusha na kengele yalia, ovataimu, 80–75. Auburn, mko chini 62–60, sekunde haijafika moja, Kyle Guy apewa mitupo mitatu atia yote, 63–62, na kabla ya hapo Jerome alidunda mpira mara ya pili, kosa la double dribble, refa hakuona. Texas Tech, Hunter atia pointi tatu mwishoni kabisa iwe 68–68, ovataimu tena, 85–77. Gemu tatu za mwisho zote mlikuwa mmekufa. Hata raundi ya kwanza Gardner-Webb, mwengine namba 16 huyo, alikuwa mbele yenu pointi 14.

Si ndo anachosema Barani? Timu bora ya nchi nzima na kila usiku iko ukingoni. Hio ofensi ingekuwa na spidi mngekuwa mmelala mapema.

---

MtuWaVirginia:

Au tungekuwa tumetolewa na Purdue. Yule Edwards alikuwa atia za mbali kumi, wewe wataka kukimbizana naye?

---

Kijana_wa_Amu:

nyinyi watu wa malindi mwapenda kubishana kushinda kula. mimi niko amu huku, yeo stima imerudi nikasema niingie

wataka spidi? basi mwambie shemejio akuoneshe loyola marymount ya paul westhead, msimu wa 1989-90. pointi 122 kwa gemu moja, kwa wastani, si siku moja. wao ukiwafunga wafurahi manake mpira wautoa haraka wakimbia nao sekunde tano sita washarusha, na difensi wakaba uwanja mzima kusudi upite haraka urushe haraka ili wao warudi kufunga. hio yote ni mpango wa kuongeza poseshoni, kinyume cha bennett kabisa. hank gathers alifariki machi 1990 uwanjani alianguka, mungu amrehemu, timu ikaenda ncaa na uchungu ule ikampiga michigan 149 kwa 115, michigan mabingwa watetezi hao, wakafika nane bora

alafu wakakutana na unlv. 131 kwa 101. kwa nini, kwa sababu unlv walikuwa wazuri kuliko wao NA walikuwa na mbio. ukiongeza poseshoni na mwenzio ni bora kuliko wewe umejiongezea kipigo. kwa hivyo spidi nayo si dawa. lakini wallahi nani akumbuka timu zote zilizofika nane bora mwaka ule? loyola watu waikumbuka hadi yeo

---

BintiMaweni:

Ahsante Kijana wa Amu kwa hilo la mwisho, manake wanaume nyote hapa mwaongea kana kwamba gemu yachezwa ndani ya kalkuleta.

Mimi natazama ya wanawake. Iowa ya kochi Lisa Bluder na mchezaji wake Caitlin Clark, walikuwa wakikimbia, wakirusha kutoka karibu na duara la katikati, ribaundi tu ishafika mbele. Kikombe wamepata? Hawakupata. 2023 fainali LSU 102–85, 2024 fainali South Carolina 87–75, na South Carolina ya Dawn Staley ilimaliza 38 bila kupoteza, wapewe heshima yao. Lakini fainali ile ya 2024 ilitazamwa Marekani na karibu watu milioni 19, ya wanaume siku iliyofuata haikufika milioni 15. Haijawahi kutokea kabla. Na sisi huku tuliiona saa nne usiku, watu washatoka tarawehe, chumba kimejaa, hata nyanyangu ambaye hajui double dribble aliuliza "yule msichana wa kurusha mbali yuko wapi". Ya wanaume UConn na Purdue ikaanza saa kumi na dakika ishirini alfajiri, tukaila na daku mbio mbio, nusu tukaiona nusu adhana.

Kwa hivyo Bluder tumhukumu vipi? Kwa vikombe vya NCAA ana sifuri. Kwa watoto wa kike walioshika mpira kwa sababu yake na Clark, hebu hesabu hio kwa poseshoni.

Na jambo jengine. Tangu 2021 mchezaji wa chuo aweza kuhama bila kukaa nje mwaka mzima na aruhusiwa kulipwa kwa jina lake. Kijana mwenye kipaji yuataka takwimu, yuataka kuonekana. Umwambie aje kwako mcheze poseshoni 60, arushe shuti saba kwa gemu, wakati kwa jirani atarusha kumi na tano na pesa juu? Bennett mwenyewe alipoondoka alisema mazingira haya mapya si yake. Staili si mapambo, ndo inayokuletea wachezaji ama kuwafukuza. 42 za Colorado State zilianza huko, si siku ile.

---

KahawaTungu:

Dada umemaliza. Ila nyanya ashikilie tasbihi, double dribble amwachie refa wa Auburn.

---

Refa_Mstaafu_Pwani:

Vijana, nimewasoma wote. Mimi nimepuliza filimbi na kufundisha timu za sekondari miaka mingi, nataka niongeze la huku kwetu manake mwasema kana kwamba staili kochi huichagua dukani.

Michezo ya basketi mashuleni ni muhula wa kwanza. Huo ni wakati wa kaskazi, jua la saa nane mchana, uwanja wa simiti ulio wazi, upepo watoka upande wa bahari. Hapo umwambie mtoto arushe mitupo thelathini ya pointi tatu kwa gemu eti kwa sababu Alabama ya Nate Oats yafanya hivyo na ikafika nne bora 2024. Mpira waondoka Malindi washukia Watamu. Na umwambie akimbie dakika arubaini na wachezaji wa akiba ni wawili, mmoja hajala. Kwa hivyo mimi nilikuwa nafundisha nini? Pasi, kukata nyuma ya beki, kurusha karibu. Polepole. Watu wakaniita kochi wa wazee. Lakini na saa ya sekunde 24, ndo kipimo cha huku kwetu, uwanjani hatukuwa nayo, refa ndo ahesabu kichwani, basi mkiwa na subira mwaweza kushika mpira hadi wapinzani wagombane wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka mmoja nikapata watoto wanne wenye mbio kweli kweli, mmoja mrefu. Nikabadilisha kila kitu, tukawa twakimbia. Kochi namhukumu kwa hilo. Alikuwa na nani, na alichowapa kufanya kilikuwa chawafaa hao, si chamfaa yeye. Dick Bennett, babake huyu mnayemgombania, aliipeleka Wisconsin nne bora mwaka 2000 na ile gemu yao na Michigan State mapumziko ilikuwa 19–17. Kumi na tisa kwa kumi na saba, waona. Yaani ilikuwa mateso kuitazama. Lakini kwa vijana aliokuwa nao, kufika pale peke yake ilikuwa maajabu, na angekimbia na Michigan State wangemla mapema zaidi.

Sasa mwanawe, vijana wa 2019 watatu waliingia NBA moja kwa moja kwenye drafti, Hunter, Jerome, Guy. Hapo Barani yuko sawa, ukiwa na hao huna sababu ya kuogopa gemu ndefu.

---

MtuWaVirginia:

Mzee wangu shkamoo, hapo mwisho naomba nikupinge kwa heshima. Kati ya hao watatu, Hunter na Jerome wakati anawasajili hawakuwa majina makubwa kama wale wa Duke na Kentucky. Wamekuwa hivyo ndani ya mikono yake, ndani ya staili hio hio, miaka miwili mitatu ya kusubiri skrini na kufikiri kabla ya kurusha. Calipari, kochi wa Kentucky wakati ule, amechukua wale waliotayari na kuwaachia wapite kwa kudunda, 2015 akafika 38 bila kupoteza, nani akamtoa? Wisconsin, 71–64, wale wale wa polepole. Na Mark Few na Gonzaga yake ya kupendeza macho, 2021 anaingia fainali 31 bila kupoteza, Baylor akamkalisha 86–70. Hana kikombe hadi sasa. Mbona hamsemi spidi imemuua?

---

Hesabu_za_Barani:

Swali zuri hilo, na jibu ni kwamba Machi peke yake haifai kupimia mtu. Gemu sita mfululizo za kufa na kupona, hata ukiwa na asilimia 80 ya kushinda kila moja, zote sita kwa pamoja ni kama asilimia 26. Ndo maana Few nampima kwa miaka yote na si kwa Baylor, na Bennett hivyo hivyo. Ila mimi nasema kochi aweza kuisogeza ile 80 ikawa 83 ama 77 kwa namna anavyocheza. Bennett alikuwa akijipunguzia mwenyewe akiwa mbele ya wadogo na akijiongezea akiwa mbele ya wakubwa. Hunter kuumia sikatai, difensi kupasuka sikatai, lakini ulipokuwa chini kipindi cha pili dhidi ya UMBC, ofensi yako haijawahi kufundishwa kukimbiza. Hilo nalo ni la kochi.

---

BintiMaweni:

Barani, nikifungua hio KenPom mtu asiyelipia aona nini? Na ya wanawake ipo?

---

Hesabu_za_Barani:

Ile jedwali kubwa ya mbele ni bure, tafuta safu ya ofensi, ya difensi, na ya kasi, kila moja na nafasi ya timu pembeni kwa maandishi madogo. Usomapo anza na ofensi na difensi, kasi iangalie mwisho manake kasi haina nzuri wala mbaya. Ya wanawake yeye hafanyi, ila Her Hoop Stats wanapiga hesabu hizo hizo, pointi kwa poseshoni 100.

---

MtuWaVirginia:

Shemeji, dada ako asema viazi vimerudi. Kuja, lakini Furman usiitaje.